Mgonjwa wa Pili wa Kobe: Uchambuzi wa Uamuzi wa Dkt. Masayo Takahashi

Mwanzoni mwa mwaka 2015, katika maabara ya taasisi ya utafiti ya RIKEN mjini Kobe, Japani, kulikuwa na seli za jicho zilizokuzwa kutokana na ngozi ya mgonjwa mmoja, zikimsubiri mwenyewe. Mgonjwa alikuwa ameshatia saini fomu ya ridhaa, ameshatoa kipande cha ngozi yake, na ameshavumilia miezi mingi ya kungoja. Daktari wa kumfanyia upasuaji alikuwepo, na mgonjwa aliyemtangulia alikuwa amefanyiwa upasuaji kama huo miezi michache kabla bila ya kuzuka jambo la kutisha. Pamoja na hayo yote, Dkt. Masayo Takahashi, kiongozi wa utafiti huo, aliamua kwamba seli zile zisipandikizwe.

Takahashi hutajwa zaidi kwa upasuaji wa kwanza, ule wa Septemba 2014, ambao ulikuwa mara ya kwanza duniani kwa binadamu kupandikizwa seli zilizotengenezwa kwa njia ya iPS, yaani kwa kuirudisha seli ya kawaida katika hali ya uchanga na kuilea upya. Kwa maoni yangu, anayetaka kumwelewa mwanasayansi huyu, na kuelewa jinsi tiba hizi za kujenga upya sehemu za mwili zinavyoendeshwa magazeti yakishageukia habari nyingine, atapata faida kubwa zaidi akimtazama mgonjwa wa pili, ambaye hakupandikizwa kitu.

Takahashi alizaliwa mwaka 1961, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Kyoto na kuhitimu mwaka 1986, kisha akabobea katika maradhi ya macho. Huenda angebaki daktari wa wodini maisha yake yote kama si safari ya mumewe, Jun Takahashi, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, ambaye katikati ya miaka ya 1990 alikwenda kufanya utafiti katika Taasisi ya Salk huko California, kwenye maabara ya Fred Gage. Mke alifuatana naye, akapata nafasi katika maabara hiyohiyo. Watu wa pale walikuwa wakishughulika na seli shina za ubongo, yaani seli ambazo bado hazijachagua kazi na ambazo zinaweza kuzaa seli za aina mbalimbali. Kwa wengi wao hayo yalikuwa mambo ya ubongo tu. Lakini retina, lile tabaka jembamba lililotandazwa nyuma ya jicho, kwa asili yake ni sehemu ya ubongo iliyochomoza nje wakati mtoto akiwa bado tumboni, na daktari wa macho hawezi kulisahau jambo hilo hata akiwa mbali na wagonjwa wake. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba seli shina kutoka ubongo wa panya mkubwa, zikiingizwa ndani ya jicho la panya mchanga, hujipenyeza na kukaa ndani ya retina. Zilikaa, ila hazikugeuka kuwa seli kamili za kupokea mwanga.

Alirudi Kyoto na swali moja, na akaishi nalo kwa miaka mingi: seli za kumfaa mgonjwa wa macho zitapatikana wapi? Seli shina za kiinitete zilikuwa jibu la kwanza. Mwaka 2004 kundi alilofanya kazi nalo, pamoja na mtafiti mwenzake Yoshiki Sasai, lilionyesha kwamba seli hizo zikitolewa kwa nyani zinaweza kukuzwa hadi zikawa seli za tabaka la rangi lililo chini ya retina. Hata hivyo, seli za kiinitete zilikuwa na mizigo miwili. Kwa binadamu, kuzipata kulimaanisha kuharibu kiinitete, jambo lililozusha ubishi wa kimaadili katika nchi nyingi. Na kwa kuwa zinatoka kwa mtu mwingine, kinga ya mwili wa mgonjwa ingeweza kuzikataa.

Mizigo hiyo yote miwili ilionekana kuondoka kwa mkupuo mmoja mwaka 2006, pale Shinya Yamanaka wa Kyoto alipotangaza kwamba seli ya kawaida ya panya mzima inaweza kurudishwa katika hali ya uchanga kwa kuingiziwa jeni nne tu, zilizochujwa kutoka orodha ya jeni 24. Mwaka uliofuata alifanya hivyo kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 akapewa Tuzo ya Nobeli pamoja na John Gurdon. Seli hizo ndizo zinazoitwa seli za iPS. Kwa Takahashi, ambaye mwaka 2006 alikuwa amehamia RIKEN, maana yake ilikuwa wazi: chukua ngozi ya mgonjwa, irudishe utotoni, kisha ilee upya mpaka iwe seli ya jicho lake mwenyewe.

Hapa lazima msomaji aelezwe hatari iliyojificha ndani ya habari hiyo njema, maana bila yake uamuzi wa 2015 hauwezi kueleweka. Moja ya zile jeni nne, inayoitwa c-Myc, ni jeni inayojulikana kwa kuchochea saratani, na panya waliozaliwa kutokana na seli za iPS za mwanzo walipata uvimbe kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Baadaye watafiti walibuni njia za kuingiza jeni hizo kwa muda tu, bila kuziacha zikijichomeka ndani ya DNA ya seli, na njia ya namna hiyo ndiyo iliyotumika Kobe. Lakini kuna hatari nyingine isiyotegemea jeni zilizoingizwa. Seli inapogawanyika, inanakili DNA yake yote, na kila kunakili kuna uwezekano wa kosa. Seli iliyorudishwa utotoni na kukuzwa maabara kwa miezi imegawanyika mara nyingi sana, na inaweza kuwa imekusanya makosa ambayo ngozi ya mwenyewe haikuwa nayo.

Ugonjwa uliochaguliwa kwa jaribio ulikuwa kuzeeka kwa kitovu cha retina, ile aina inayoitwa majimaji. Usichanganywe na mtoto wa jicho, ambao ni ukungu wa lenzi na hutibika kwa kuibadilisha. Katika ugonjwa huu mishipa ya damu isiyotakiwa huota chini ya retina, huvuja maji na damu, na kuharibu lile tabaka la rangi, ambalo kazi yake ni kulisha seli zinazopokea mwanga na kuzoa takataka zao. Kinachopotea ni katikati ya uono. Mgonjwa huiona fremu ya mlango vizuri, lakini uso wa anayeingia hauoni. Dawa za kuchomwa ndani ya jicho mara kwa mara huweza kuidhibiti ile mishipa, lakini haziwezi kurudisha tabaka lililokwisha kufa.

Jicho lilikuwa mahali pa busara pa kuanzia. Seli zinazohitajika ni chache, daktari anaweza kuzitazama kila wiki kupitia mboni kwa vifaa vyake bila kumchana mtu, seli za tabaka la rangi si kawaida yake kuzaa uvimbe, na ikitokea kitu kikaanza kukua vibaya kinaweza kuchomwa kwa mwanga wa leza. Kiungo kingine chenye sifa zote hizo kwa pamoja ni vigumu kukitaja.

Wizara ya Afya ya Japani iliidhinisha utafiti huo Julai 2013, kwa wagonjwa 6. Shabaha yake ilikuwa usalama. Takahashi alikuwa na tabia, ambayo waandishi wa habari hawakuipenda sana, ya kuwaambia watu wapunguze matumaini: wagonjwa hao wasitegemee kuona vizuri tena, kwa sababu seli zao nyingi za kupokea mwanga zilikwisha kufa, na tabaka jipya haliwezi kuzifufua.

Kisha ukaja mwaka 2014, mwaka mbaya kwa taasisi yake. Januari, watafiti wa kituo hichohicho cha RIKEN walitangaza katika jarida la Nature kwamba seli za kawaida zinaweza kugeuzwa kuwa seli shina kwa kuwekwa tu katika tindikali hafifu. Ulimwengu ulishangilia, wengine wakajaribu wakashindwa, picha zikaonekana zimechezewa, na kufikia mwanzoni mwa Julai makala hizo zilikwisha kufutwa. Siku hizohizo Takahashi aliandika hadharani kwamba alikuwa akifikiria kusitisha jaribio lake kwa kukosa imani na mwenendo wa taasisi, ingawa baadaye alifafanua kwamba wagonjwa waliokwisha kusajiliwa wangeendelea. Tarehe 5 Agosti Sasai, mshirika wake wa miaka mingi, ambaye jina lake lilikuwa miongoni mwa majina ya waandishi wa makala zile, alijiua. Mwishoni mwa mwezi huo ilitangazwa kwamba maabara za kituo zingepunguzwa kwa takriban nusu.

Siku 38 baada ya kifo cha Sasai, tarehe 12 Septemba 2014, na siku 4 tu baada ya kamati ya wizara kutoa kibali cha mwisho, bibi mwenye umri wa miaka 77 alilazwa kwenye meza ya upasuaji mjini Kobe. Daktari mpasuaji alikuwa Yasuo Kurimoto. Kwa muda wa saa mbili hivi aliondoa utando wa mishipa iliyoota vibaya chini ya retina, kisha akapenyeza mahali pake kipande cha seli chenye upana wa milimita 1.3 na urefu wa milimita 3. Chukua punje ya ufuta uiweke kwenye kucha: kipande kile kilikuwa na urefu wa punje hiyo, lakini chembamba kuliko karatasi, chenye rangi ya kahawia iliyokolea, na chini ya hadubini seli zake zimepangana kwa pembe kama sega la nyuki. Ndani ya ukubwa huo ilikuwamo kazi ya miezi kumi hivi ya maabara, na gharama ambayo ilikadiriwa kufikia yen milioni 100 kwa mgonjwa mmoja.

Sasa tuje kwa mgonjwa wa pili. Seli zake zilipopimwa, zilionekana kuwa na mabadiliko kadhaa ya DNA, vikiwemo vipande vilivyokatika na kupotea, ambayo hayakuonekana katika ngozi iliyotolewa mwanzo. Hayakuwa mabadiliko ambayo mtu angeyaona na kusema moja kwa moja kwamba hii ni saratani. Hatari iliyokadiriwa ilikuwa ndogo. Swali lililobaki mezani lilikuwa la aina ambayo vitabu vya tiba havilijibu: uwezekano mdogo usiojulikana kiasi chake ni mkubwa kiasi gani?

Hoja za kuendelea hazikuwa za kipuuzi. Seli zote za miili yetu hubeba makosa ya DNA, na ngozi ya mzee aliyeota jua miaka 70 ina makosa mengi kuliko tunavyodhani. Jicho linaonekana, na kosa lingegunduliwa mapema. Mgonjwa mwenyewe alikuwa amekubali hatari, na ugonjwa wake haukuwa umesimama kumsubiri. Mtu angeweza pia kuuliza kwa haki kwa nini matokeo ya kipimo ambacho dawa nyingine nyingi hazifanyiwi kabisa yawe kizuizi kwa tiba hii peke yake.

Upande wa pili kulikuwa na mambo manne, na nitayapima kwa uzito ninaouona mimi. La kwanza ni mgonjwa: hakuwa katika hatari ya kufa, tiba ya kuchoma dawa ilikuwepo, na faida aliyoahidiwa ilikuwa ndogo tangu awali. Mtu mwenye saratani ya mwisho mwisho anaweza kuambiwa ajaribu bahati yake, lakini mtu mwenye jicho bovu na maisha marefu mbele yake hawezi kuambiwa hivyo kwa urahisi. Hoja hii peke yake ilitosha kunishawishi.

La pili ni fani yenyewe. Wote waliofanya kazi hii walikumbuka kilichoipata tiba ya jeni mwaka 1999, wakati kijana mmoja alipofariki katika jaribio la Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na fani nzima ikarudi nyuma kwa miaka mingi. Uvimbe mmoja Kobe, katika mwaka uleule ambao RIKEN ilikuwa bado inanuka kashfa, ungezika matumaini ya wagonjwa wengi. Nakiri kwamba hoja hii inanitatiza. Mgonjwa aliyetoa ngozi yake hakuja kulinda sifa ya taasisi, na pindi daktari anapoanza kumpima mgonjwa wake dhidi ya jina la fani, amekwisha kuvaa kofia mbili kichwa kimoja.

La tatu ni sheria. Novemba 2014, kati ya mgonjwa wa kwanza na wa pili, Japani ilianza kutumia sheria mpya ya usalama wa tiba za kujenga upya mwili, na utafiti ulioanza chini ya miongozo ya zamani ulipaswa kujipanga upya. Takahashi mwenyewe alieleza kwamba mabadiliko hayo ya kanuni yalikuwa na nafasi kubwa katika uamuzi wa kusitisha, na nadhani wasimulizi wengi hulipita jambo hili haraka kwa sababu kosa la DNA lina mvuto zaidi kuliko karatasi za serikali.

La nne, ambalo kwangu ndilo lililoamua yaliyofuata, ni kwamba njia yenyewe haikuwa na mwisho mwema. Tuseme seli za mgonjwa wa pili zingekuwa safi. Bado kila mgonjwa angehitaji karibu mwaka mzima wa maabara, vipimo vyake peke yake vya DNA yote, na gharama ambayo hakuna bima wala wizara ingeibeba kwa maelfu ya wazee. Kila mtu angekuwa kiwanda chake mwenyewe, na kila kiwanda kingekuwa na makosa yake. Mabadiliko yaliyoonekana katika seli za mgonjwa wa pili yalifunua udhaifu uliokuwamo tangu siku ya kwanza, na ambao mafanikio ya mgonjwa wa kwanza yangeweza kuuficha kwa miaka.

Ndiyo maana utafiti haukurudi pale ulipoishia. Uligeukia seli za mtu mwingine, zilizochaguliwa kwa uangalifu. Yamanaka alikuwa anajenga Kyoto akiba ya seli za iPS kutoka kwa watu wachache ambao alama zao za kinga zinalingana na za watu wengi. Seli za mtoaji mmoja wa namna hiyo zilikadiriwa kuwafaa takribani Wajapani 17 kwa mia. Akiba moja inapimwa mara moja, kwa kina, kisha inatumika kwa wengi. Machi 2017 mgonjwa wa kwanza wa njia hii alipandikizwa mjini Kobe, na hadi mwishoni mwa mwaka walikuwa wamefika watano, safari hii kwa kuchomwa seli zilizoelea katika maji badala ya kipande. Ajabu ya kisa hiki ni hapa: ahadi kuu ya iPS, kwamba kila mtu atatibiwa kwa seli zake mwenyewe, iliwekwa kando na mtu wa kwanza kuitimiza.

Mwezi huohuo wa Machi 2017, taarifa ya wagonjwa wale wawili ilichapishwa katika New England Journal of Medicine. Mwaka mmoja baada ya upasuaji, kipande cha yule bibi kilikuwa bado mahali pake, uono wake haukuwa umepanda wala kushuka, na kulikuwa na uvimbe wa maji katika kitovu cha retina. Sindano za dawa alizokuwa akichomwa kabla hakuzihitaji tena. Toleo hilohilo la jarida lilikuwa na taarifa nyingine, kutoka Florida, Marekani, juu ya wanawake watatu wenye umri wa kati ya miaka 72 na 88 ambao mwaka 2015 walilipa dola 5,000 kila mmoja ili wachomwe machoni seli zilizochujwa kutoka mafuta ya miili yao. Walichomwa macho yote mawili kwa siku moja. Wote watatu walipoteza uono, baadhi yao kabisa. Ugonjwa ulikuwa uleule wa kitovu cha retina, na mwaka ulikuwa uleule ambao Takahashi alikuwa akizitazama seli safi kwa sehemu kubwa na kusema hapana. Siwezi kuzisoma kurasa hizo mbili bila kukumbuka pakiti za unga zinazouzwa hata katika miji yetu kwa jina la seli shina, eti zinatibu kuanzia kisukari hadi upofu kwa kukorogwa ndani ya glasi ya maji. Seli hai inayomezwa huishia tumboni, inameng'enywa kama mchicha.

Mwenendo wa Kobe haukubadilika baada ya hapo. Januari 2018, mmoja wa wale wagonjwa watano alipopata utando uliovuta retina yake na kusababisha uvimbe wa maji, timu iliuondoa kwa upasuaji na kulitangaza tukio hilo wenyewe kwa waandishi wa habari, ingawa walikuwa na kila kishawishi cha kungoja makala ya kisayansi. Yule bibi wa kwanza alifuatiliwa kwa miaka minne, na kipande chake kilikuwa kingali hai.

Takahashi aliondoka RIKEN mwaka 2019, akawa rais wa kampuni ya Vision Care, kwa hoja kwamba tiba ambayo haiwezi kujilipia haitamfikia mgonjwa. Wako wanaoona kwamba hapo amevuka mstari, kwa kuwa mwenye hisa hana sababu ya kusema hapana mbele ya seli zilizo tayari. Mimi ningependa kumhukumu kwa jengo alilolipigania kabla ya kuondoka, Kituo cha Macho cha Kobe, kilichofunguliwa Desemba 2017. Maabara na vyumba vya upasuaji vimo, lakini mgonjwa anayeingia hukutana kwanza na ukumbi mpana wa kuwafundisha watu wasioona vizuri namna ya kusoma, kutembea na kupika kwa uono waliobakiwa nao, na ndani yake kuna ukuta wa kupanda, wenye vishikizo vya rangi kali, ambao mtu aliyepoteza katikati ya uono wake anaupanda kwa kupapasa.